Roki ya Kuvunia Mpunga

Kazi yangu ni kuendesha kombaini, ile mashine inayokata mpunga, kuupura na kuumimina kwenye magunia ukiwa tayari kwenda kukobolewa. Kwetu ni Mkuyuni, kwenye miteremko ya Uluguru, ambako huwezi hata kuweka meza ikasimama sawa bila kuchimba kwanza. Sasa nimepanga chumba Mwembesongo, Morogoro mjini, na mavuno yakifika nahamia Dakawa, kwenye majaruba ya mpunga yaliyonyooka mpaka macho yanachoka. Nina misimu mitano kwenye usukani. Nimewahi kuvuna shamba lililolala chini lote kwa upepo, na nimewahi kubadilisha mkanda wa mashine peke yangu huku mvua inaingia kutoka milima ya Nguru. Hayo watu wanayaona na wanasifu. Lakini mimi ninachojivunia zaidi ni nyimbo themanini za roki na namna nilivyozipanga.

Roki niliipata karakana. Nilipokuwa nasomea ufundi wa mitambo, mwalimu wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ujenzi wa barabara. Juu ya shelfu lake la spana kulikuwa na redio nyeusi kwa grisi, na kila tukifungua injini aliiwasha. Wenzangu walilalamika kwamba ni kelele. Mimi nilikuwa msichana peke yangu darasani, na siku zile nilikuwa naongea kwa sauti ndogo kiasi kwamba mwalimu alilazimika kuniinamia ili anisikie. Maneno ya zile nyimbo sikuyaelewa. Nilichoelewa ni gitaa. Lilikuwa linanguruma kama mtu asiyemwomba yeyote radhi kwa kuwepo.

Mwalimu aliniona natikisa kichwa huku nasafisha pistoni.

"Binti, unaupenda muziki huu?"

"Naupenda, mwalimu."

"Basi utakuwa fundi."

Uhusiano wa mambo hayo mawili sikuujua na hakunieleza. Tulipomaliza mafunzo alinipa flashi yenye nyimbo zake zote, akasema nisije nikaipoteza.

Aliyenipa kazi ni mama mmoja wa Morogoro mjini, mwenye duka la vipuri na kombaini moja. Dereva wake wa kwanza alikuwa amehamia Mbeya. Alinipokea kwa majaribio, na tangu siku ya kwanza alinieleza wazi kwamba hajawahi kumwona mwanamke kwenye ile kazi na hana haja ya kuwa wa kwanza kujuta. Mashine yenyewe ni ndogo, haina kibanda, juu kuna turubai tu la kukinga jua. Inatembea juu ya mikanda mipana ya mpira. Dereva anakaa mbele, na nyuma yake, kwenye kijukwaa cha pembeni, anakaa mfungaji wa magunia. Mfungaji wangu alikuwa mzee wa Dakawa hapohapo, mtu wa swala tano, mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia tulipokutana.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye dereva?"

"Ndimi."

Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akapanda kwenye jukwaa lake. Sikutegemea maneno zaidi ya hayo kwa wiki nzima, na kweli hayakuwa mengi.

Mtu ambaye hajakaa juu ya kombaini hajui jinsi injini inavyomla mtu. Ni mlio mmoja, haupandi wala haushuki, kuanzia umande unapokauka saa nne mpaka jioni. Nilijaribu kusikiliza bongo fleva, ambayo naipenda nikiwa napika, ikazama kwenye ule mlio kama sukari kwenye chai. Kilichobaki kusikika ni mdundo tu, dum, dum, kama mtu anabisha hodi nyumba ya jirani. Nikakumbuka flashi ya mwalimu. Gitaa la umeme lilipita juu ya injini bila shida yoyote. Unaweza kusema lilitengenezwa kwa ajili ya kupambana na mashine.

Nikatafuta redio ya gari iliyotumika na spika mbili. Nikazitengenezea sanduku la mbao, nikaliweka juu ya mpira wa ndani wa tairi ili lisitikisike sana, nikavuta waya kutoka kwenye betri na kuweka fyuzi yake. Kazi ile ilikuwa safi. Mpaka leo sijawahi kuifungua kurekebisha kitu.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kazi imeishia hapo. Nyimbo nilizichagua kwa moyo wa mtoto aliyefungiwa dukani: zile ninazozipenda kuliko zote nikaziweka mwanzo, zote ngumu, zote za kasi. Nikaandika namba mbele ya kila jina, moja, mbili, tatu. Shambani redio ikapiga wa tatu, ukaja wa ishirini, ukaja wa kwanza. Nikadhani imeharibika. Jumapili nikaipeleka flashi kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo Mwembesongo, kwa kijana mmoja anayejua mambo hayo.

"Redio za magari nyingi hazisomi jina, dada," akaniambia. "Zinaangalia nani kaingia kwanza. Futa flashi yote, halafu ingiza wimbo mmoja mmoja kwa foleni unayoitaka."

"Wewe una roki nyingine za kuniongezea?"

Akacheka. "Roki? Hiyo folda sina. Hapa hakuna aliyewahi kuniulizia."

Nikafuta, nikaingiza upya, mmoja mmoja. Sasa redio ikanitii. Na hapo ndipo nikagundua kuwa foleni niliyoipanga haikuwa nzuri. Nyimbo kumi ngumu mfululizo kabla ya saa tano zilinichosha masikio, na ilipofika mchana nilikuwa sizisikii tena. Baada ya kula, kwenye ile saa nane ambayo jua la Dakawa linakaa begani kama mzigo, nilikuwa nimeweka wimbo mrefu wa taratibu, kwa sababu tu niliona utakuwa mtamu nikiwa nimeshiba.

Ulikuwa mtamu kweli. Nilisinzia kiasi cha kufumba jicho na kulifumbua. Mashine ikapanda tuta la jaruba, kisu cha mbele kikachimba udongo, na kabla sijavuta leva ya kukiinua kilikuwa kimepinda na meno matatu yamevunjika. Mzee aliruka kutoka jukwaani. Aliponiona mzima alisema "Alhamdulillah," kisha akaenda kukaa kwenye kivuli cha magunia bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Bosi alifika na pikapu na meno mapya. Alinisubiri nimalize kukinyoosha kisu na kuyafunga, akaonyesha sanduku langu kwa kidole.

"Hicho kitu kishushwe."

"Mama, kosa si la redio. Kosa ni mpangilio."

"Mpangilio wa nini?"

"Wa nyimbo. Niliweka wimbo wa kulala kwenye saa ya kulala. Nikizipanga vizuri zitaniamsha. Bila redio nitasinzia zaidi, na nikisinzia kwa mlio wa injini hakuna wa kunigutua."

Nilisema hayo kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mfereji, na nilishangaa mwenyewe. Bosi akayashika yale meno mapya, akayatikisa kuona kama yamekaza. Ni mwanamke aliyeanza kuuza boliti kwenye meza barabarani, na nadhani anamjua mtu anayejitetea kwa uongo na anayejitetea kwa kazi.

"Kesho na keshokutwa hakuna shamba lililokauka," akasema. "Nenda kapange hizo nyimbo zako. Halafu nakupa wiki moja. Ukigusa tuta tena, wewe na redio mnashuka pamoja."

Nilikwenda nyumbani Mkuyuni na daftari. Mama alikuwa anachambua karafuu kwenye mkeka nje ya nyumba, akitenga vikonyo, na mimi nikakaa pembeni yake na simu na spika za masikioni. Kwanza niliandika siku yangu ya kazi saa kwa saa, jinsi mwili unavyokuwa: asubuhi mikono mizito, saa tano macho makali, saa sita kiu, saa nane usingizi, saa kumi hasira ndogondogo, saa kumi na moja haraka ya kumaliza. Kisha nikasikiliza kila wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho na kuandika unanifanya nini. Si kama ni mzuri au mbaya. Unanifanya nini.

"Unasoma tena?" mama akauliza, akivuta mwisho wa neno kama wanavyovuta watu wa milimani.

Nikamweleza. Nilitegemea atacheka. Akaendelea kutenga vikonyo, kisha akasema, "Sasa wewe kwa nini ulianza na kubwa? Tukicheza ngoma hapa, wapigaji wanazipasha ngoma moto kwanza. Wanajaribu kidogo, wanaacha, wanajaribu. Watu wanazoea. Zikianza kwa nguvu wakati miguu bado baridi, wanawake wanakaa chini mapema."

"Na mchana watu wakichoka?"

"Mchana hawapigi kwa nguvu. Wanabadilisha mapigo. Kila ukizoea, wanabadilisha. Utalalaje?"

Nikafuta ukurasa mzima.

Siku ya pili tulimaliza karafuu na mimi nikamaliza daftari. Nilizigawa nyimbo katika mafungu matatu. Fungu la asubuhi lilianza na nyimbo ambazo ngoma inaingia kabla ya gitaa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Ndipo likaja gitaa moja linalokwaruza kama msasa kwenye bati, kisha magitaa mawili, na ule wimbo ninaoupenda kuliko yote nikauweka wa kumi na tatu, kwa sababu hapo ni kama saa tano na ndipo nauhitaji. Iliniuma kuutoa kwenye nafasi ya kwanza. Nilipousikia shambani ukija baada ya zile kumi na mbili, nilihisi kama sijawahi kuusikia.

Fungu la mchana lilinipa kazi zaidi. Humo hakuna nyimbo mbili za mwendo mmoja zinazofuatana. Wa kasi, wa kusuasua, mwanamke anaimba, mwanamume anapiga kelele, mmoja unaosimama katikati kana kwamba umekwisha halafu unakurukia. Huo niliuweka saa nane na robo kamili. Nazo zote ni fupi fupi, kwa sababu nilikuwa nimepima: wimbo wa dakika nne unatosha kulipita jaruba kwa urefu wake, na nilitaka kila nikigeuza mashine kwenye kona, kitu kipya kiwe kinaanza. Fungu la jioni lilikuwa la furaha tu, nyimbo za kuimba pamoja hata kama maneno huyajui.

Nikawa nawasha redio saa nne kamili, mashine iwe imeanza au bado, na sikuisimamisha mpaka fungu liishe; la mchana nililianza saa saba na nusu, baada ya kula.

Ile wiki niliyopewa ilipita bila kugusa tuta, wala udongo, wala chochote. Siku ya nne mzee aliniuliza jambo la kwanza lisilohusu magunia.

"Mwanangu, zile kelele zako za chuma. Nimeona zinakwenda kwa saa."

"Ndiyo, mzee. Kila moja ina saa yake."

"Basi naomba unifanyie kitu. Adhuhuri huwa inanipita kidogo, maana hapa juu siisikii adhana, na kukusimamisha kila siku naona haya. Huna hata mmoja wa kistaarabu, uuweke hapo?"

Nilikuwa nao. Ulikuwa wimbo usio na ngoma kabisa, gitaa moja tu la mbao, mtu anapiga kama anawaza. Sikuwa nimeuweka mahali popote kwa sababu sikujua unafaa wapi. Nikaupanga uwe wa mwisho wa fungu la asubuhi, na mwingine unaofanana nao ukawa wa mwisho wa fungu la mchana, karibu na alasiri. Kuanzia siku ile, gitaa la mbao likianza, nilijua napunguza mwendo, na mzee anafunga gunia alilonalo. Likimalizika nimezima injini na yeye anashuka mferejini kutawadha. Mimi nilikuwa naswali kwa kuchelewa au nikiwa nimechoka, lakini msimu ule nami nilizoea kushuka.

Baada ya siku chache niligundua kwamba si sisi wawili tu. Kuna wanawake wanaopita nyuma ya kombaini kuokota masuke yanayobaki, na hawaruhusiwi kuingia jaruba mashine ikiwa inatembea. Walikuwa wanakaa mbali na kuniangalia kwa wasiwasi, hawajui nitasimama lini. Sasa likianza lile gitaa tu, nawaona wanasimama, wanajifunga kanga, wanachukua vikapu. Mmoja aliniambia, "Wimbo wetu huo, dada. Usiutoe." Sikuwa na nia ya kuutoa.

Bosi alikuja mwisho wa wiki. Hakusema lolote kuhusu sanduku. Alikagua kisu, akapiga magoti akaangalia chini ya mashine, akapanda akasimama karibu nami tukaenda urefu wa jaruba moja na kurudi. Ulikuwa wimbo wa kumi na tatu. Aliposhuka alinifokea kwa kuliegemeza bomba la grisi vibaya, kisha akamwambia mzee, nikisikia, "Huyu abaki." Majaribio yangu yaliishia hapo.

Kilichonipa raha zaidi kilikuja msimu uliofuata. Tulikuwa tunavuna upande wa pili wa mfereji mkuu, na jaruba kama tatu kutoka kwetu kulikuwa na kombaini nyingine, ya dereva mgeni kutoka Mbarali. Sanduku langu nilikuwa nimelizima kwa muda ili nisikilize mlio wa feni ya kupepetea ambao haukunipendeza. Mashine ikiwa imesimama, injini ikinguruma taratibu, nikasikia roki kutoka kwenye mashine yake. Roki Dakawa, na si kwangu. Nikatabasamu tu, nikaona nimepata mwenzangu. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na nikajikuta najua kwamba baada ya huo anakuja mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Akaja. Baada yake nikasema kimoyomoyo, sasa ule wa mwendo wa punda. Ukaja.

Nilizima injini. Mzee akaniuliza kuna nini.

"Mzee, ile ni miksi yangu."

Akainua kichwa kusikiliza. "Ni yako," akasema. "Hata namba naweza kukutajia."

Tulikwenda kwa miguu kwenye tuta. Yule dereva alikuwa mwanamume wa umri wangu, mwenye kofia ya nailoni, naye akasimamisha mashine akidhani tuna shida ya kuazima spana. Tukasalimiana, nikamuuliza nyimbo zake kazitoa wapi.

"Mjini, Mwembesongo. Kuna kibanda kina folda inaitwa Mashine Miksi. Madereva wa matrekta wote wanaichukua. Wanasema kaipanga dada mmoja wa huku Dakawa."

Kijana wa kibandani alikuwa amebaki na nakala yangu siku nilipokwenda kutengeneza flashi ya pili. Hakuwa amenificha wala kuniambia.

"Huyo dada ni huyu," mzee akasema.

Yule dereva akanitazama kwa heshima iliyochanganyika na kutoamini. "Kila mtu anaweza kusema hivyo, mzee."

"Basi muulize unaofuata."

Akaniuliza. Nikamwambia: mfupi, unaanza na mtu anahesabu mpaka nne. Tukasubiri tumesimama kwenye yale mabua, wote watatu, na mtu akahesabu mpaka nne. Nikamwambia unaofuata, na unaofuata huo. Nikamwambia ule unaojifanya umekwisha, na kwamba atakuwa anausikia saa nane na robo kama anawasha saa nne na kuanza fungu la pili saa saba na nusu. Kufikia hapo alikuwa ameshavua kofia.

"Saa nane na robo!" akasema. "Dada, ule wimbo siku ya kwanza nilidhani spika imekufa. Nikainama kuangalia waya, ndipo ukanipigia kelele sikioni. Tangu siku hiyo nausubiri."

"Ndiyo kazi yake."

"Na lile gitaa la kimya? Mimi ni Mkristo, siswali adhuhuri, lakini mfungaji wangu anashuka kila likianza, anakunywa maji. Nilijua limewekwa makusudi, sikujua kwa nini."

Mzee akamweleza kwa nini. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, kuanzia adhana asiyoisikia mpaka wanawake wa vikapu, na alipokuwa anaeleza aliniita "fundi wetu". Kwa mwaka mzima hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa nimesimama pale na vumbi la makapi mpaka kwenye kope, sijui mikono niiweke wapi. Nyimbo zile ziliimbwa na watu ambao sitakutana nao, wa nchi ambazo sitafika, wala hakuna hata nota moja niliyoipiga mimi. Lakini ule wa kumi na tatu haukujiweka wa kumi na tatu wenyewe. Kuna mtu aliuweka pale, na madereva wa bonde zima walikuwa wanageuza kona zao kwa hesabu za mtu huyo.

Yule bwana akavaa kofia yake. Akasema ana pendekezo: wa ishirini na mbili uhamishiwe jioni, maana kwao Mbarali udongo ni mzito na hapo mashine inakuwa inavuta kwa shida, wimbo unaonekana una haraka kuliko yeye. Nikamwambia abadilishe gia, asibadilishe wimbo. Akabisha. Nikambishia. Tulibishana mpaka mfungaji wake akatuuliza kama leo tunavuna au la.

Tukarudi kwenye mashine yetu kwa njia ileile ya tuta. Nikawasha injini, nikasikiliza feni, ilikuwa imetulia. Mzee akafungua mdomo wa gunia jipya, akanipa ishara kwa mkono, nikashusha kisu nikaingia kwenye mpunga.